Swali ni la nani? Utafiti wa elimu, harakati na kazi ya darasani

Karatasi yenyewe ni moja tu. Ina herufi, ina maneno, ina aya fupi na hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Kijana wa kujitolea anapiga hodi, anaomba ruhusa kwa wenye nyumba, anakaa na mtoto na kumpa aya asome. Akiimudu, anapewa hadithi. Ikimshinda, anarudishwa kwenye maneno, na maneno nayo yakimshinda anaonyeshwa herufi. Ni kazi ya dakika chache, na mzazi anaweza kusimama pale pale akatazama.

Kipimo hicho kilianzishwa India mwaka 2005 na shirika la Pratham kwa jina la ASER, na kuanzia 2009 mbinu ile ile ikaingia Kenya, Tanzania na Uganda kwa jina la Uwezo. Kwa kukitazama juu juu ni kitu kidogo. Ndani yake lakini yamo mambo ambayo kwa kawaida hayakai nyumba moja. Umo utafiti, kwa sababu vijiji na kaya huchaguliwa kwa bahati nasibu ili matokeo yaseme jambo kuhusu wilaya au nchi nzima. Zimo harakati: kwenda majumbani badala ya shuleni ni msimamo, maana shule humpima aliyefika siku hiyo, ilhali mtoro, aliyeacha na asiyewahi kuandikishwa hawamo humo. Na imo kazi ya darasani. Alama ya mtihani humwambia mwalimu kuwa mtoto amefeli, lakini karatasi hii humwambia amekwama wapi, yule kwenye herufi, huyu kwenye aya, na hapo mwalimu ana pa kuanzia kesho.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu ni mzuri, na pia kwa sababu ulikwama mahali ambapo wengi hawakutazamia.

Kwanza mafanikio yake. Kwa miaka mingi serikali na wafadhili walikuwa wakihesabu vichwa: wangapi wameandikishwa, madarasa mangapi yamejengwa. Takwimu za aina hii zilipoanza kutoka, ikawa vigumu mtu kujisifia uandikishaji peke yake, kwa kuwa walikuwepo watoto waliofika darasa la tano na hadithi ya darasa la pili bado inawashinda. Mjadala ukahama kutoka kwenda shule hadi kujifunza. Ila kazi yote hiyo ilibebwa na dhana moja kwamba mzazi akijua mtoto wake hajui kusoma, atachukua hatua. Atamfuata mwalimu mkuu, atahudhuria kikao, atakaa na mtoto jioni. Dhana hii inaingia akilini kirahisi kiasi kwamba hakuna anayeidai ushahidi.

Watafiti Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai waliidai. Walikwenda vijijini Kenya wakalinganisha wazazi waliopelekewa matokeo ya watoto wao, pamoja na maelezo ya nini wangeweza kufanya, na wazazi wasiopelekewa. Walichokichapisha mwaka 2014 ni kwamba hapakuwa na tofauti ya maana, si katika kumsaidia mtoto nyumbani wala katika kujitokeza pamoja kudai mabadiliko. India nako, katika wilaya ya Jaunpur jimboni Uttar Pradesh, jaribio jingine lilitoa picha inayofanana. Wanakijiji waliitwa mikutanoni wakaelezwa kuhusu kamati za elimu na haki zao, na katika baadhi ya vijiji wakafundishwa hata kuwapima watoto wenyewe. Kamati hazikuchangamka na walimu hawakubadilika. Kundi la tatu ndilo lililozaa kitu: huko vijana wa kijiji walifundishwa mbinu nyepesi ya kufundisha kusoma, wakafungua madarasa ya baada ya saa za shule, na watoto waliohudhuria wakasogea. Kwa usomaji wangu, watu hawakuwa wazembe. Walipoonyeshwa kazi wanayoweza kuishika kwa mikono yao, wapo waliojitolea. Walipotakiwa kwenda kuubana mfumo wa shule ambao hauwasikilizi, walipima nguvu zao wakabaki nyumbani.

Lieberman na wenzake hawakuishia kusema "haikufanya kazi." Walifungua mnyororo mzima ulioko kati ya habari na hatua. Je, mzazi ameielewa habari? Ni mpya kwake, au alishaijua siku nyingi? Analiona jambo hili ni lake au la mwalimu? Anajua afanye nini? Ana muda? Anaamini kwamba akisimama, jirani naye atasimama? Pete moja ikikatika, mnyororo haufiki mwisho. Mwanaharakati makini akiusoma mnyororo huo anapata kitu chenye thamani kuliko pongezi, kwa sababu anaona juhudi zake zinamwagikia wapi.

Ni nadra harakati kuacha dhana yake kuu ipimwe namna hii hadharani, na ni nadra pia watafiti kutoka na jibu la "hapana" lenye manufaa. Tunachokiona mara nyingi ni kitu kingine kabisa.

Katika makongamano ya elimu utaambiwa kuna pengo kati ya utafiti na utendaji, na dawa inayotajwa ni kusambaza matokeo. Basi unaandikwa muhtasari wa sera wa kurasa mbili, inaitishwa warsha ya wadau, inapigwa picha ya pamoja kwenye ngazi, na mradi unafungwa. Sina ugomvi na kurasa mbili. Ugomvi wangu ni na imani kwamba utafiti ukiisha kupikwa jikoni kwa watu wengine, tatizo linalobaki ni jinsi ya kuupakua. Uhusiano kati ya chuo, harakati na darasa hujengwa au huharibika mapema zaidi, siku ile swali linapoandikwa.

Tazama maswali yanatoka wapi. Mwanafunzi wa shahada ya uzamivu hufundishwa kulitafuta swali katika maandiko ya waliomtangulia: wapi hapajaandikwa, nani hakukubaliana na nani. Ni nidhamu nzuri, bila hiyo kila mtu angekuwa anagundua moto upya. Lakini swali likizaliwa humo, wasomaji wake wa kwanza ni waandishi wa maandiko yale yale, na mhadhiri hupanda cheo kwa makala ya jarida, si kwa shule iliyobadilika. Mwanaharakati swali lake linatoka kwenye kero, na lina tarehe: bajeti inasomwa lini, muswada unajadiliwa lini, kesi inaitwa lini. Utafiti utakaokamilika baada ya miaka mitatu haumsaidii mtu mwenye wiki tatu. Mwalimu naye swali lake lina sura ya watoto anaowajua kwa majina, na humjia akiwa amesimama mbele yao chaki mkononi. Ukimpelekea wastani wa shule mia mbili atakuuliza, kwa haki kabisa, unamhusu vipi huyu aliyekaa dirishani. Watu hawa wanatofautiana hata katika kile wanachokiita ushahidi, kwa hiyo kuwapa karatasi moja wasome wote hakuwaunganishi.

Paulo Freire, mwalimu na mwanafikra wa elimu wa Brazili, hutajwa kila mahali panapozungumzwa mambo haya, na mara nyingi hutajwa kwa itikadi yake tu. Mimi napenda kutazama kazi yenyewe. Mwaka 1963, katika mji mdogo wa Angicos kaskazini mashariki mwa Brazili, yeye na timu ya wanafunzi wa chuo kikuu waliwafundisha kusoma wafanyakazi wa mashambani wapatao 300, kwa saa 40 za masomo. Tarakimu hizo ndizo zinazosifiwa. Kinachorukwa ni hatua iliyotangulia. Kabla ya kuandaa somo, timu ilikaa na wenyeji ikisikiliza na kuandika maneno wanayoyatumia kazini, nyumbani na katika malalamiko yao. Katika orodha hiyo ndefu wakachagua machache kwa vigezo viwili vilivyokwenda pamoja: neno liwe na silabi zitakazofungulia silabi nyingine, na liwe limebeba jambo zito katika maisha ya hao watakaolisoma. Mfano unaojulikana sana ni "tijolo", yaani tofali. Darasa lilianza kwa kujadili picha ya kazi ya ujenzi. Kisha neno likakatwa, ti-jo-lo, kila silabi ikaitiwa ndugu zake, ta-te-ti-to-tu, na watu wakaanza kuunga maneno ambayo hakuna aliyewapa.

Ile orodha ya maneno ilikuwa utafiti wa lugha na jamii, tena wa uwandani, na ndiyo iliyokuwa mtaala. Siasa nayo haikuongezwa baadaye kama chumvi. Katika Brazili ya wakati huo asiyejua kusoma hakuruhusiwa kupiga kura, na hali ikabaki hivyo hadi 1985. Kila aliyeweza kuandika jina lake na sentensi moja alikuwa mpiga kura mpya katika eneo lililozoea kuamuliwa na wenye mashamba. Mwaka 1964 jeshi lilipotwaa madaraka, programu ilifungwa na Freire akawekwa kizuizini kisha akaenda uhamishoni. Wanajeshi, naweza kusema, walielewa uhusiano kati ya ufundishaji na harakati haraka kuliko vitivo vingi vya elimu.

Miaka michache kabla ya hapo, katika Johns Island jimboni South Carolina, Marekani, jambo linalofanana lilikuwa limefanyika bila profesa hata mmoja. Esau Jenkins aliendesha basi la kuwapeleka watu kazini Charleston, na abiria wake walitaka kujiandikisha kupiga kura, haki ambayo Mmarekani mweusi aliwekewa sharti la kusoma kifungu cha katiba. Kituo cha Highlander cha Tennessee, kilichoanzishwa mwaka 1932 na Myles Horton na wenzake, kilisaidia kufungua darasa mwaka 1957. Septima Clark, mwalimu aliyefukuzwa kazi kwa kukataa kujitoa katika chama cha kutetea haki za weusi, ndiye aliyekuwa mhimili wa mpango. Mwalimu wa kwanza, Bernice Robinson, alikuwa mtengeneza nywele. Alichaguliwa kwa sababu si mwalimu: walihofia mwalimu aliyefuzu angewadharau watu wazima. Robinson alikuja na vifaa vya watoto wa shule ya msingi, akaona havifai, akaviweka kando na kuwauliza wanataka kujua nini. Walitaka kuandika majina yao, kujaza fomu, kusoma Biblia, kusoma ile katiba. Shule hizo zikaenea Kusini mwa Marekani.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya ziada ya kuifuata historia hii, kwa kuwa sehemu yake ilipikwa Dar es Salaam. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Budd Hall akiwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na Marja-Liisa Swantz akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa miongoni mwa walioanza kuhoji dodoso zilizokuwa zikipelekwa vijijini, maswali yametungwa mjini na majibu yanachambuliwa mjini. Kutokana na hoja hizo, na kazi kama mradi wa Jipemoyo uliofanyika wilayani Bagamoyo, ukakomaa ule unaoitwa leo utafiti shirikishi. Kolombia nako mwanasosholojia Orlando Fals Borda alikuwa akisukuma gurudumu hilo hilo kutoka upande wa wakulima, na mkutano wa Cartagena wa mwaka 1977 ukawakutanisha watu wa mabara mbalimbali waliokuwa wakifikia hitimisho linalokaribiana. Kabla yao wote mwanasaikolojia Kurt Lewin alishaandika, mwaka 1946, kuhusu utafiti tendaji: panga, tenda, tazama kilichotokea, panga upya.

Neno "shirikishi" limechakaa tangu hapo. Siku hizi mtu anaweza kutunga maswali peke yake, akakusanya majibu, akachambua, kisha siku ya mwisho akawaita wanakijiji ukumbini "kuthibitisha" matokeo, na ripoti ikasomeka shirikishi kuanzia jalada. Kipimo changu ni rahisi: je, kuna swali lolote katika utafiti huu lililobadilika kwa sababu ya wale waliohojiwa? Kama hakuna, walihudhuria tu.

Sasa tufike kwenye pingamizi, maana lipo na lina uzito. Kila mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Mtafiti mwenye upande, watu husema, ataona anachotaka kuona, na matokeo yake yatakuwa bango la maandamano lenye tanbihi.

Kisa cha kuipimia hoja hii ni kile cha wanasesere. Kenneth na Mamie Clark, wanasaikolojia weusi wa Marekani, waliwaonyesha watoto weusi 253 wa umri wa miaka 3 hadi 7 wanasesere wanne waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi, wawili wa kahawia na wawili weupe, wakawauliza: yupi mzuri, yupi mbaya, yupi anafanana nawe? Wengi walimpendelea mweupe, na baadhi walipoulizwa lile swali la mwisho waliangua kilio. Mawakili wakiongozwa na Thurgood Marshall walikuwa wakipinga mahakamani ubaguzi wa rangi mashuleni, na ushahidi wa Kenneth Clark ukaingizwa katika kesi hizo. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotoa hukumu katika kesi ya Brown, tanbihi ya 11 ya hukumu hiyo ilitaja maandiko ya kisayansi ya jamii, la Clark likiwa la kwanza.

Ni ushindi ambao mwanaharakati yeyote angeutamani. Lakini data ile ile ilikuwa na jambo lisilokaa sawa. Watoto weusi wa Kaskazini, waliosoma shule za mchanganyiko, walimpendelea mwanasesere mweupe hata zaidi kidogo kuliko wale wa shule za ubaguzi za Kusini. Wakosoaji waliliona na wakalishikilia. Jibu linaweza kuwa kwamba ubaguzi haukai shuleni tu, umo mtaani na vitabuni, na mtoto huunywa popote. Ni jibu la busara, nami nalikubali. Hata hivyo halithibitishi kwamba shule za ubaguzi peke yake ndizo zilizoleta madhara yale. Ubaguzi ulistahili kufa kwa sababu ni dhuluma, na haki ya mtoto haikupaswa kusubiri wanasesere. Hatari ya kuiegemeza haki kwenye matokeo ya utafiti ni kwamba utafiti ukija kutikiswa, wapo watakaodai haki nayo imetikisika.

Kwa hiyo sioni tatizo likiwa ni kuwa na upande. Asiye na upande kabisa kuhusu watoto wasiojua kusoma simwamini sana pia. Swali la kumuuliza mtafiti mwanaharakati ni hili: kabla hujaenda uwandani, kulikuwa na jibu gani ambalo lingekulazimisha ubadili msimamo? Kama analo, anafanya utafiti. Kama kila jibu linaloweza kurudi lingeandikiwa hitimisho lile lile, basi ni utetezi, nao ni kazi halali, ila uitwe kwa jina lake.

Mfano wa kushika yote mawili kwa pamoja unatoka mahali pasipotarajiwa, gereza la wanawake la Bedford Hills jimboni New York. Mwaka 1994 sheria ya Marekani iliwaondolea wafungwa ruzuku ya serikali kuu ya masomo ya chuo, na programu za vyuo magerezani zikafungwa moja baada ya nyingine. Wafungwa wa Bedford Hills pamoja na watu wa nje walihangaika hadi masomo yakarudi mwaka 1997 kwa msaada wa vyuo binafsi. Kisha wakataka ushahidi. Profesa Michelle Fine na wenzake waliunda timu ambayo baadhi ya watafiti wake walikuwa wafungwa wenyewe, waliosomea kwanza mbinu za utafiti humo humo ndani. Ripoti yao ya mwaka 2001 ilionyesha kwamba kati ya waliosoma chuo gerezani, asilimia 7.7 walirudi kifungoni ndani ya miaka mitatu baada ya kutoka, dhidi ya asilimia 29.9 ya wasiosoma.

Mtu wa takwimu atasema hapo hapo: anayejiandikisha chuo pengine alikuwa na ari kubwa tangu mwanzo. Ni kweli, na ndiyo maana tofauti hiyo isisomwe yote kama kazi ya masomo. Ila kilichonivutia zaidi ni maisha ya kila siku ya utafiti huo. Daftari la mtafiti mfungwa lingeweza kupekuliwa wakati wowote. Mfungwa angeandika nini kuhusu gereza, kwa mkono wake, huku akijua kuwa profesa jioni anarudi kwake na yeye anabaki? Katika hali hiyo "tuko sawa kwenye timu" ni sentensi ya uongo, na Fine na wenzake waliandika waziwazi kuhusu tofauti hiyo ya hatari. Wanaouiga mfumo huu na vijana wa shule au wazazi maskini wangefanya vyema kujiuliza hilo kabla ya lingine lolote: matokeo yakimchukiza mwenye mamlaka, nani ataumia, na je, aliambiwa hivyo alipokubali kushiriki? Ruzuku ile ya masomo, kwa taarifa, ilirejeshwa kwa sheria iliyopitishwa Desemba 2020.

Eve Tuck, msomi wa jamii za asili za Amerika Kaskazini, aliongeza onyo jingine mwaka 2009. Aliandika kuhusu utafiti unaokusanya majeraha tu: umaskini, kufeli, mimba, ulevi, kwa imani kwamba madhara yakionekana makubwa vya kutosha, mwenye nguvu ataguswa na atalipa. Wakati mwingine hulipa. Lakini jamii iliyochorwa hivyo kila mwaka huishia kujiona kama jeraha, na watoto wake husoma habari zao wenyewe katika ripoti zisizotaja hata kitu kimoja wanachokiweza. Wanaharakati wa elimu tunaujua ushawishi huu. Mfadhili hafungui mkoba kwa kusikia kwamba bibi fulani anawafundisha wajukuu wake kusoma vizuri.

Upande wa darasa mara nyingi ndio husahaulika, kama vile mwalimu ni bomba la kupitishia walichokubaliana wengine. Turudi India kidogo. Pratham walikuwa na mbinu yenye ushahidi: wapange watoto kwa kiwango chao cha kusoma, si kwa darasa wala umri, uwafundishe kuanzia hapo walipo. Katika jimbo la Bihar walimu wa serikali waliofundishwa mbinu hiyo na kuitumia katika kambi za likizo waliwainua watoto. Walimu wa serikali wa jimbo hilo hilo walipopewa mafunzo na vitabu waitumie ndani ya mwaka wa kawaida wa masomo, hapakutokea kitu. Mtu mwepesi wa lawama angesema walimu ni wagumu kubadilika, kumbe likizoni waliweza. Kilichowabana ni silabasi: siku ya kawaida mwalimu anadaiwa kumaliza sura, na mkaguzi anauliza umefika ukurasa wa ngapi. Huko Haryana, mwaka wa masomo wa 2012 hadi 2013, serikali ilitenga saa nzima kila siku kwa ajili ya mbinu hiyo peke yake, watoto wakapangwa upya kwa viwango ndani ya saa hiyo, na maofisa wakapewa kazi ya kuifuatilia. Hapo usomaji ukapanda. Lililobadilika ni nini mwalimu anadaiwa. Watafiti wasingeligundua kama wasingekuwa tayari kushindwa mara kadhaa kwanza.

Japani wana utaratibu wa zamani unaolipa darasa nafasi ya kuuliza. Walimu kadhaa huandaa somo moja pamoja, mmoja hulifundisha, na wengine husimama pembeni wakiwatazama watoto, si mwenzao: mtoto yule alipoona sehemu mbili ya tatu alichora nini, alifuta lini, alimwangalia nani. Kisha wanakaa na kulijadili. Hakuna jarida linalochapisha kila kikao, lakini ushahidi upo na umefika kwa anayeuhitaji siku hiyo hiyo.

Kisa kinachokusanya pande zote, na ambacho hakina shujaa, ni cha walimu wa mkataba wa Kenya. Jaribio lililoanza mwaka 2005 magharibi mwa nchi, likiendeshwa na shirika lisilo la kiserikali, lilionyesha kwamba shule zikiongezewa mwalimu wa mkataba, kwa mshahara ulio mdogo sana kuliko wa mwalimu wa kudumu, wanafunzi hujifunza zaidi. Kwa wizara yenye upungufu wa walimu na hazina finyu, habari haziwezi kuwa tamu kuliko hizo. Mpango ukapanuliwa kitaifa, na Tessa Bold, Justin Sandefur na wenzao, wakiwemo wasomi wa Kenya, wakaupima tena. Safari hii baadhi ya shule walimu wao waliajiriwa kupitia shirika la World Vision na nyingine kupitia serikali. Kwenye shule za shirika alama zilipanda. Kwenye shule za serikali hazikusogea.

Chama cha walimu, KNUT, hakikukaa kimya wakati huo. Kilikwenda mahakamani na mpango ukachelewa, kikafanya maandamano, kikagoma. Katika ripoti za aina hii chama cha wafanyakazi huonekana kama kelele iliyoharibu jaribio safi, na nimesikia wachumi wakilieleza hivyo bila haya. Bold na wenzake walifanya vyema zaidi: walilichukulia suala la chama kama sehemu ya maelezo, kwamba programu ikitoka mikononi mwa shirika na kuingia serikalini inakutana na siasa ambazo jaribio dogo halikuzigusa. Walimu wale vijana walikuwa wakitazamia ajira ya kudumu, na chama kikiwadai kuwa wake.

Swali la watafiti lilikuwa kama mwalimu wa bei nafuu anaweza kupandisha alama, na la wizara lilikuwa lile lile likiwa limevaa koti la bajeti. La walimu lilikuwa kama kazi ya ualimu itaendelea kuwa na mshahara wa kuishi na pensheni. Hilo halikuwamo kwenye dodoso. Lilijibiwa kwa njia nyingine: serikali ilikubali kuwachukua walimu wa mkataba katika ajira ya kudumu, na hesabu yote ya unafuu iliyokuwa msingi wa mpango ikafa hapo.